Kitambaa Juu ya Chogo

Monita ilikata kauli asubuhi, kazi ikiwa katikati, bila hata kukohoa. Sindano ilikuwa imeshamaliza mabawa ya tai na inaelekea kichwani, maana nembo ya shule iliyomwagiza ni tai aliyeshika kitabu, mara picha kwenye kioo ikaanza kunywea. Ikanywea, ikanywea, mpaka ukabaki mstari mmoja wa kijani unaokatiza katikati. Mama Nembo akazima mashine ya kudarizi haraka kabla haijafanya maafa. Akaondoa kile kitambaa cha maua kilichokaa juu ya monita, akakikunja kwa adabu zote, akakiweka pembeni. Kisha akazunguka nyuma na kuipiga kofi la ubavuni, lile kofi ambalo nyumba nzima ililijua. Mstari ukatikisika kidogo. Haukufunguka.

"Usinifanyie hivyo," akaiambia. "Kufa utakufa, lakini si wiki hii."

Jina la Mama Nembo alipewa na mtaa, kwa sababu nembo zote za sare zilipita mikononi mwake: za wanafunzi, za walinzi, za wauguzi, hata za timu ya mpira ya vinyozi. Mashine yenyewe ilikuwa kuukuu, na kompyuta iliyoiongoza ilikuwa kuukuu zaidi. Kijana wa duka la simu aliwahi kuleta skrini bapa ya kisasa, akaizungusha huku na huku akitafuta pa kuchomeka, mwisho akasema hawa wawili hawawezi kuoana, akaondoka nayo. Kwa hiyo ilikuwa ni monita ile ile ya chogo, yenye kisogo kinene nyuma, au basi. Bila kioo huwezi kuchagua mchoro wala kujua sindano imefika wapi. Na bila mashine, nyumba ile haikuwa na njia nyingine ya kula, tangu mumewe alipotangulia mbele ya haki.

Mkuu wa shule alitaka nembo zake Jumatatu shule ikifunguliwa, naye hakuwa mtu wa kubembeleza. "Ukishindwa niambie mapema, mama," alisema. "Kuna mtu anapiga chapa za plastiki, na kazi zote za shule nitamhamishia yeye."

Kofi la pili ndilo lililomleta shemeji yake dirishani. Shemeji alikuwa mdogo wa marehemu, anaishi mtaa wa pili, na kila akipita lazima achungulie chumba kile cha mbele kama mtu anayekipima kwa macho.

"Imekufa?" akauliza.

"Imezimia."

"Ahaa. Imezimia." Akaingia bila hodi, akaegemea mlango. "Shemeji, mimi nakuonea huruma, ujue. Chumba hiki kikikaa msusi, kila mwisho wa mwezi mnapokea kodi mmekunja miguu. Wewe unahangaika na maiti. Nimeshaongea na mtu wa vyuma chakavu, Jumamosi anapita na mkokoteni."

"Umeongea naye kwa idhini ya nani?"

"Nimeongea naye kwa huruma, nimeshasema."

"Huruma yako ina haraka, shemeji."

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha mlango wa ndani, mikono mapajani. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa ugonjwa wa viungo, havikushika sindano tena. Nyumba ilikuwa yake, na mashine aliyoiacha mwanawe ilikuwa chini ya kauli yake, kila mtu alilijua hilo. Ndiyo maana Shemeji alipoongea tena aligeuza uso kwake.

"Mama, mashine ya kaka haikuwa ya kufa mapema hivi. Huyu hajui kutunza. Makofi tu, kutwa makofi. Hata akiitengeneza leo, kesho ataiua tena. Sisemi kwa ubaya."

Bibi yule akatazama mstari wa kijani. Akatazama na kitambaa kilichokunjwa pembeni.

"Jumamosi nitasema," akajibu. "Kwanza huyo mtu wako aje nimwone. Na wewe, mke wa mwanangu, usikiache kitambaa changu chini ya vumbi."

* * *

Fundi Chogo alifika na mfuko wa ngozi uliochakaa. Televisheni za chogo zilipokwisha madukani mafundi wenzake walikimbilia simu. Yeye alibaki, na jina likambakia. Alimsalimia bibi shikamoo, akaitikiwa marahaba, akapiga magoti mbele ya monita na kuanza kufungua skrubu za nyuma.

"Msisogee," akaonya. "Kioo hiki kinaficha umeme hata ukikichomoa. Siku moja kilinirusha nikatua mapajani mwa mke wa mwenye nyumba wangu. Nilihama mwezi uleule."

Shemeji akacheka. Alikuwa amekuja kushuhudia, na alikuwa ameshachagua pa kusimama. Fundi akafunga waya kwenye bisibisi, akaigusisha ndani kwenye shingo ya kioo, ikalia pa! Bibi akashtuka kitini. Fundi akasema sasa ni salama, akavuta bodi nje na kuiinamia kwa muda mrefu.

"Mmm," akasema. "Hii haikufa kwa makofi."

Mama Nembo akahisi mabega yake yakishuka. Alitamani Shemeji alisikie neno hilo mara mbili.

"Imeungua. Imekosa pumzi. Ona hivi vidumu vidogo, ndizo kapasita, vyote vimekauka, hivi vingine vimevimba vichwa. Na hiki kipande cheusi chenye miguu saba, hiki ndicho kinachoikunjua picha juu na chini, kimepasuka kabisa. Joto limepanda, limekosa pa kutokea." Akanyanyua kasha la juu, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha.

Kila mtu aliliona. Plastiki ilikuwa imegeuka njano kwa miaka ya jua, kila upande, isipokuwa pale juu penye matundu ya kupumulia. Pale palibaki peupe kama siku ilipotoka dukani, mraba safi wenye kingo za mawimbi na ua kila pembe. Fundi akapitisha kidole juu ya mawimbi yale, taratibu.

"Nani alikuwa anaifunika?"

Kitambaa chenyewe kilikuwa pale pale, juu ya meza. Bibi alikidarizi kwa mkono, kazi yake ya mwisho kabla vidole havijamkatalia, akakitandaza juu ya monita siku mashine ilipoingia nyumbani. Kitu cha thamani hakikai uchi, alisema, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kukiwekea hata kikombe cha chai. Mama Nembo aliwahi kusema mara moja kwamba monita inachemka. Alijibiwa kwamba joto ni la mashine, kitambaa kina kosa gani? Hakurudia.

Sasa alimtazama mama mkwe wake. Vile vidole vilivyopinda vilikuwa vinashikana, vinaachana.

"Mimi," Mama Nembo akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nafunika."

"Si nilisema!" Shemeji akapiga makofi. "Si nilisema, Mama? Uzembe! Mtu anavalisha mashine nguo kama mtoto mchanga!"

Bibi aliinuka kwa shida, akachukua kitambaa chake, akaingia ndani.

Fundi akaeleza kwamba kapasita zinauzwa dukani kwa bei ya maandazi, lakini kile kipande cheusi hakitengenezwi tena popote. "Katafute televisheni ya chogo iliyokufa kwa ugonjwa mwingine," akasema, akamwandikia Mama Nembo namba ya kipande kwenye kiganja kwa kalamu. "Ukikipata mapema, Ijumaa picha inarudi."

Mlangoni akamvuta kando.

"Mama, mimi nina macho. Mikono yako haina muda wa maua yale. Waswahili walisema kikulacho ki nguoni..."

"Fundi, usiimalize."

"Siimalizi. Lakini nakwambia jambo moja. Ikifunikwa tena, hata siku moja moja, itaungua, na mara hiyo kioo chenyewe kitakwenda. Hapo usiniite mimi. Muite huyo wa mkokoteni."

Mama Nembo alisimama mlangoni muda mrefu baada ya fundi kuondoka. Amwambie mama mkwe, amvunje moyo mtu ambaye Jumamosi ndiye mwenye neno? Anyamaze, monita ife mara ya pili? Alikunja kiganja chenye namba akaenda kutafuta kipande, maana hilo angalau lilikuwa na jibu.

* * *

Uwanja wa vyuma chakavu ulinuka kutu na mafuta machafu. Mwenyewe aliitwa Mizani, kwa sababu ile mizani yake siku zote ilimwinamia yeye.

"Chogo? Ziko nyuma ya friji," akasema. "Nyingi nimeshazipasua nitoe shaba. Chagua."

Mama Nembo akajifunga kanga kiunoni, akaingia. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Aligeuza televisheni moja baada ya nyingine, akipangusa vumbi kwenye bodi, akilinganisha maandishi madogo na kiganja chake. Jasho likaanza kuifuta namba, ikambidi atembee mkono umenyooka kama mtu aliyepakwa hina. Ya kwanza siyo. Ya pili siyo. Moja ilikuwa na kiota cha panya, na panya mwenyewe alikuwa nyumbani. Mama Nembo akapiga ukelele, Mizani akacheka hadi akashika mbavu.

Alipoipata, aliisoma mara tatu ndipo akaamini.

"Nataka bodi hii tu."

"Mama, mimi siuzi figo. Nauza maiti nzima, kwa kilo."

"Kioo chake kimepasuka. Utaniuzia kioo kilichopasuka?"

"Kwani kilichopasuka hakina uzito?"

Walivutana. Alipunguza kidogo, kidogo sana, na Mama Nembo akahesabu pesa ya umeme ya mwezi mzima huku roho ikimuuma. Mizani, akiwa amefurahi, akaona aongeze na maneno.

"Usinune, mama, kufa kufaana. Hata mimi Jumamosi nafuata mashine kubwa ya kudarizi. Chuma kitupu! Kuna mjane mmoja huko ameiua. Shemeji yake anasema mwanamke mwenyewe ni mzembe hajapata kutokea, kutwa amelala."

Mama Nembo akajitwisha televisheni kichwani, akaisawazisha kwa mikono miwili.

"Kutwa amelala?" akauliza.

"Ndivyo nilivyoambiwa."

"Basi Jumamosi uje mapema, kabla hajalala."

Njiani hakuwa na pesa ya kubebewa mzigo. Mzazi mmoja wa shule ileile alikutana naye, akamtazama juu hadi chini. "Mama Nembo! Umeingia kwenye vyuma chakavu?" Shingo ilikuwa inamuuma mno kujibu, akacheka tu akapita.

* * *

Ijumaa, jua likiwa bado juu, Fundi Chogo alilehemu mguu wa mwisho, akapuliza moshi, akarudisha bodi ndani. Alimwambia Mama Nembo awashe yeye mwenyewe.

Kioo kikabaki cheusi. Mama Nembo akaanza kuinua mkono.

"Hakuna kofi!" fundi akafoka. "Mgonjwa katoka kupasuliwa!"

Mstari wa kijani ukatokea. Ukatetemeka, ukanenepa, kisha ukafunguka juu na chini kwa pamoja, na tai akajaa kwenye kioo, mabawa, kitabu na kila kitu, amesimama wima. Mama Nembo akajikuta anacheka na kulia kwa wakati mmoja, anajifuta kwa ncha ya kanga. Fundi alitazama pembeni kumpa nafasi. Malipo yake aliyotaka, ukiacha gharama za vidumu, yalikuwa jina lake lidariziwe mgongoni mwa koti la kazi, kwa herufi kubwa, uzi mwekundu. Akaahidiwa hilo, pamoja na mstari chini yake.

Kazi ikaanza hapo hapo. Tai wa kwanza akashuka, wa pili akafuata. Ndipo mama mkwe akaingia.

Alikuwa amekifua kitambaa. Alikuwa amekipiga na pasi, mikono ileile isiyoweza kushika kijiko vizuri, na kingo zote zimenyooka. "Alhamdulillahi," akasema akiitazama picha. "Imefumbua macho. Kibovu kimeshatolewa, sasa tuisitiri na husuda." Akakitandaza juu ya monita, akalinganisha pembe, akapapasa ua moja lililokunjika. Kisha akakaa kwenye kiti chake, ametabasamu, anaangalia sindano inavyokimbia.

Mama Nembo hakuweza kutazama sindano. Akanyoosha mkono, akauingiza chini ya kitambaa. Joto lilikuwa limeshaanza kujikusanya pale, laini, kama la mkate uliofunikwa. Alijua maneno yatakayotoka yatamgharimu nini. Kesho kauli ilikuwa ya bibi huyu, na bibi huyu alikuwa hajawahi kusahau neno baya hata moja katika maisha yake. Lakini mashine itakayokufa baada ya wiki mbili, kuna faida gani kuiokoa kesho?

Akasimamisha kazi.

"Mama, nisamehe. Kitambaa ndicho kilichoiunguza."

Tabasamu halikutoka mara moja. Lilibaki pale usoni, halina kazi.

"Unasema?"

"Mashine inapumulia juu. Kitambaa kinaziba. Fundi amesema kikirudi, kioo kinakufa moja kwa moja." Akautoa mkono chini ya kitambaa. "Sitaki kukuficha, Mama, na sitaki kukitoa ukiwa umelala kama mwizi. Naomba ukitoe wewe."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyeua mashine ya mwanangu."

"Sikusema hivyo."

"Umesemaje, basi?"

Bibi hakungoja jibu. Akainuka. Akavuta kitambaa chake pembe moja moja, akakikunja kifuani, akaingia chumbani na kufunga mlango. Chakula kilipoiva alisema hana njaa. Mama Nembo alikula mwenyewe, kisha akarudi kwenye mashine. Neno lilishatoka. Tai walikuwa bado wanadaiwa, na hao hawakujali nani amemnunia nani.

* * *

Mizani alifika Jumamosi asubuhi na mkokoteni na kamba, Shemeji mbele yake anamwonyesha njia. Waliingia chumba cha mbele wakakuta mashine inanguruma, picha imejaa kioo, na marundo ya nembo yamepangwa hadi dirishani.

Mizani akamtambua. Kinywa kikabaki wazi.

"Wewe si... wa televisheni?"

"Karibu," Mama Nembo akasema bila kuacha kazi. "Umenikuta kabla sijalala."

Mizani akamgeukia Shemeji kwa jicho la kuuliza, Shemeji akakohoa. "Inafanya kazi leo," akasema kwa sauti kubwa ili asikike ndani. "Hata kuku aliyechinjwa hurukaruka. Mama! Mtu mwenyewe amefika. Toa kauli tumalize."

Mlango wa chumbani ukafunguka. Bibi akatoka amevaa nguo zake za kutokea, kitambaa kimekunjwa mkononi. Hakumsalimia mwanawe. Hakumtazama Mizani. Alitembea polepole akishika ukuta, mpaka akafika kwenye mashine.

"Inuka," akamwambia mkwewe.

Mama Nembo akazima mashine. Basi ndiyo hivyo, akawaza, imekwisha. Akainuka, akasogea kando ya kile kigoda cha mbao alichokalia miaka yote. Shemeji alikuwa ameshaanza kufungua kamba.

Bibi akakikunja kitambaa tena, kikawa kinene. Akainama kwa shida, huku amejishika nyonga, akakiweka juu ya kigoda. Akakipapasa kikakaa sawa, maua juu.

"Mimi ndiye niliyekuwa nafunika," akasema, na sasa alimtazama mwanawe. "Mimi, miaka yote. Mwenzangu alibeba lawama mbele yako nami nikanyamaza, nikaona uzito kusema. Kama una mtu wa kumwita mzembe, niite mimi, nipo hapa nasikia."

"Mama, mimi sikuwa na nia..."

"Kamba zako zifunge. Na huyu mgeni umlipe nauli ya mkokoteni, umemsumbua bure."

Mizani, ambaye kwake biashara ni biashara, akamnyooshea Shemeji kiganja papo hapo.

Mama Nembo alikuwa bado amesimama. Alikitazama kitambaa pale kwenye kigoda, kitambaa ambacho hata kikombe hakikuwahi kukigusa, na mwili ulimkatalia.

"Mama, siwezi kukikalia."

"Kwa nini usiweze? Kigoda kigumu, na kazi yako ni ya kukaa." Bibi akavuta kiti chake karibu na dirisha, upande ambao angeuona uzi vizuri. "Kaa, mwanangu. Jumatatu iko mlangoni."

Akakaa. Akawasha mashine, na wote wawili wakangoja kioo kipate moto.